Tupeane uzoefu: Wananchi wanapomwangusha mtawala wa mabavu, ndani ya gemu na kwa majirani zetu

Mleta mada, Mbeya mjini

Habari zenu wana jukwaa, na shikamooni wakubwa. Ninafundisha historia katika shule moja ya sekondari hapa Mbeya, na kabla ya ualimu, tangu darasa la sita hadi kidato cha nne, nilishinda katika banda la gemu la Mwanjelwa kwa saa nyingi kuliko mama alivyopata kujua. Wenzangu walicheza mpira. Mimi nilipenda gemu za kuvaa uhusika, zile ambazo unaanza ukiwa kijana asiye na mbele wala nyuma, unakusanya wenzako, unapata nguvu kidogo kidogo, na baada ya makumi ya saa unabisha hodi kwenye kasri la mtawala dhalimu. Mwenye banda hakutupenda hata kidogo, kwa kuwa mechi ya mpira ina dakika zake na bei yake, ilhali sisi tulikuwa na safari isiyo na kipyenga cha mwisho. Na umeme ulipokatika kabla hujahifadhi, ulirudi nyuma saa nzima huku hela yako imeshaliwa.

Iliyonikaa zaidi moyoni ni Suikoden ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1995. Mhusika mkuu ni mtoto wa jemadari wa dola ambaye anageuka kuiasi dola ileile, na kazi yake kubwa ni kuwatafuta watu 108 wa kuungana naye. Wengi kati yao hawajui vita: yumo mpishi, yumo mhunzi, yumo mama mwenye nyumba ya wageni, yumo hata mwanamke wa kufua nguo.

Nimeikumbuka kwa sababu ya swali la darasani. Nilikuwa ninasimulia jinsi Rais Zine El Abidine Ben Ali wa Tunisia alivyoikimbia nchi tarehe 14 Januari 2011, wiki nne kamili baada ya mchuuzi Mohamed Bouazizi kujichoma moto mjini Sidi Bouzid, na mwanafunzi mmoja akauliza kiongozi wa wale waandamanaji alikuwa nani. Nilipomjibu kwamba hakukuwa na kiongozi mmoja, na kwamba mawakili pamoja na matawi ya chama cha wafanyakazi cha UGTT walibeba sehemu kubwa ya kazi ile, alinitazama kama mtu aliyepunjwa chenji. Alitaka mwenye upanga, nami namwelewa.

Kwa hiyo naomba tuelezane: wewe uliyecheza gemu hizi, na ukawa pia umeona au kusimuliwa na wazazi habari za watawala walioondolewa na wananchi, gemu ilikwambia ukweli wapi na ilikudanganya wapi?

Mchangiaji, Kyela

Asante, mwalimu. Suikoden nimeicheza ukubwani kwenye simu, kwa programu inayoigiza mashine za zamani, nikiwa nalinda mpunga usiliwe na ndege. Ninayoyajua kuhusu utawala wa mabavu nimeyapata kwa marehemu bibi yangu, ambaye alikuwa akivusha mchele mto Songwe kwenda kuuza Karonga, zama za Kamuzu Banda, aliyejifanya rais wa maisha tangu mwaka 1971. Bibi alisema kitu kilichomwogopesha kule hakikuwa askari. Walikuwa vijana wa chama waliosimama kwenye lango la soko wakidai kadi ya chama, na mwanamke asiyekuwa nayo alirudishwa nyumbani na tenga lake la nyanya. Yeye kama mgeni aliachwa, lakini alikuwa akiwaona wenzake wakirudi.

Kisha tarehe 8 Machi 1992, wakati wa Kwaresima, maaskofu saba wa Kikatoliki wa Malawi waliandika waraka uliosomwa makanisani, ukitaja hadharani umaskini, dhuluma na watu kukosa uhuru wa kusema. Maaskofu waliitwa na polisi wakahojiwa, na kukutwa na nakala ya waraka ule likawa kosa. Rafiki wa bibi, muuza samaki, alimpa nakala moja, naye akaivusha hadi Kyela ndani ya debe chini ya dagaa. Hakujua kusoma. Alimpa katekista amsomee, na akaniambia kuwa katekista aliposoma alishusha sauti ingawa walikuwa tayari upande wa Tanzania.

Migomo ya wafanyakazi ilifuata Blantyre, wafadhili wakazuia misaada, na tarehe 14 Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni: jogoo kwa wanaotaka chama kimoja, taa ya chemli kwa wanaotaka vyama vingi. Chemli ilishinda, na mwaka uliofuata Bakili Muluzi akamshinda Banda kwenye uchaguzi. Hapo ndipo gemu inaponidanganya, ndugu mwalimu. Katika zile saa zote nilizocheza sikupata hata mara moja kuvusha karatasi chini ya dagaa.

Mchangiaji, Iringa

Najua wenyeji wenzangu wataniuliza mbona simtaji Mkwawa. Simtaji kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtawala, na aliopigana nao, tangu pale Lugalo mwaka 1891, walikuwa Wajerumani waliokuja kuvamia. Hiyo ni habari nyingine, na kuichanganya na hii ni kuzidhulumu zote mbili.

Mimi nilicheza Skyrim nikiwa chuoni hapa Iringa, kwenye kompyuta mpakato iliyopata joto kiasi kwamba wakati wa baridi ya Julai tuliigombania kwa sababu mbili. Gemu inaanza ukiwa umefungwa mikono kwenye mkokoteni, unapelekwa kukatwa kichwa na askari wa dola, na pembeni yako amekaa Ulfric Stormcloak, kiongozi wa waasi. Ukiokoka, ni nani atakayekuambia ujiunge na waliotaka kukuchinja? Nilikula kiapo kwa waasi bila kufikiri mara mbili, hasa kwa vile dola ilikuwa imewakataza watu kumwabudu Talos, mungu wao.

Kisha nikatembea Windhelm, mji wa Ulfric mwenyewe. Nikaona wakimbizi wa Kidunmer wamesukumwa kwenye mtaa mmoja mchafu, na vibarua wa Kiargonia wamekatazwa kuishi ndani ya kuta, wanalala bandarini. Nilizima kompyuta nikakaa kimya. Wale niliowapigania walidai uhuru wa watu wao tu. Sijapata kuiona gemu nyingine iliyonifanya nimkague mwasi kabla ya kumshangilia, na tangu siku hiyo kila ninaposikia habari za vuguvugu mahali fulani, swali langu la kwanza ni wanaoishi katika mtaa wa nyuma ni akina nani.

Mchangiaji, Tunduma

Nitakuwa mfupi kwa sababu foleni ya malori inaanza kusogea. Baba yangu alikuwa fundi wa TAZARA, na Juni 1990 kazi ilimkuta Kapiri Mposhi. Serikali ya Zambia ilipandisha bei ya unga wa sembe zaidi ya mara mbili, watu wakaingia barabarani Lusaka na kwingineko, wengine wakauawa, na siku chache baadaye luteni mmoja akaingia redioni kutangaza kwamba jeshi limechukua nchi. Baba alisema katika kile kibanda cha chai watu walishangilia kabla ya kuuliza aliyetangaza ni nani. Mapinduzi yale yalikufa baada ya saa chache, lakini shangwe ile iliwafikia wakubwa. Oktoba 1991 ukafanyika uchaguzi wa vyama vingi, Kenneth Kaunda akashindwa na Frederick Chiluba aliyetoka kwenye vyama vya wafanyakazi, akakubali matokeo na kuondoka baada ya miaka 27.

Gemu haijui la kufanya na mfalme anayekubali kushindwa. Umefika kwenye kiti chake na dawa zote za kuongeza uhai mfukoni, naye anakupa mkono? Mchezaji angedai hela yake. Na ingelazimika pia kuonesha kwamba mwaka 1997 huyo mshindi alimweka kizuizini mzee yuleyule aliyempa mkono.

Mchangiaji, Makambako

Mimi ni mama wa watoto wawili na mtunza hazina wa kikundi cha VIKOBA, na gemu niliyoicheza mpaka mwisho ni moja tu, Fable III ya mwaka 2010, kwenye mashine aliyoiacha mdogo wangu. Nimesoma michango yenu yote na ninaona mnaishia pale mtawala anapoanguka. Gemu hii inamwangusha katikati.

Nusu ya kwanza unazunguka nchi ukiwa mdogo wa mfalme dhalimu, unawaahidi watu mambo ili wakuunge mkono: huyu shule, yule ulinzi, wale kurudishiwa heshima yao. Mnaingia mjini, kaka yako anapinduliwa, unavishwa taji. Ndipo kaka anapofungua mdomo: alikuwa anawakamua wananchi kwa sababu alijua Giza linakuja, na jeshi la kulizuia linahitaji fedha. Hesabu ni sarafu milioni 6.5, na kila sarafu inayokosekana ni roho ya mwananchi mmoja. Tangu asubuhi hadi jioni unakaa kwenye kiti cha enzi na watu uliowaahidi wanapita mbele yako. Je, kijengwe kituo cha yatima, ambacho kinakula fedha, au danguro, ambalo linaingiza?

Nilitimiza kila ahadi. Nikajiambia kama mweka hazina kwamba nitafidia kwa kodi za nyumba nilizonunua, kwani kalenda ilisema bado siku 121. Nilimaliza shughuli zangu, nikafungua mlango, na kalenda ikaruka hadi siku ya vita. Hakuna aliyenionya. Nilirudi mjini nikakuta mitaa mitupu. Nilikasirika kwa wiki nzima; mume wangu alidhani ni hela za kikundi.

Ninasema haya kwa ajili ya Sudan, ambayo niliifuatilia kwa redio. Bei ya mkate ilipanda, maandamano yakaanza Atbara Desemba 2018, na Aprili 2019 Omar al-Bashir akaondolewa. Agosti mwaka huo raia na wanajeshi walikubaliana miezi 39 ya mpito, wanajeshi wakiongoza baraza kwanza, kisha raia. Zamu ya raia ilipokaribia, tarehe 25 Oktoba 2021, wanajeshi wakachukua kila kitu, na Aprili 2023 majenerali wakaanza kupigana wao kwa wao. Wale vijana nao walikuwa na kalenda ukutani, wakihesabu miezi kama nilivyokuwa nikihesabu siku.

Mleta mada, Mbeya mjini

Dada wa Makambako, nimekusoma mara tatu. Kesho kalenda hiyo ninaichora ubaoni, miezi 39 yote, na mwanafunzi wangu ndiye atakayeshika chaki.

Mchangiaji, Mwanjelwa

Mwalimu, marahaba. Ninaamini banda unalolisema lilikuwa langu, maana kwa miaka ile mwenye mashine tatu na jenereta bovu pale nyuma ya soko nilikuwa mimi. Nami nina uzoefu wa kutoa, isipokuwa ni wa upande wa pili.

Kuna mwaka nilipandisha nusu saa kutoka shilingi 200 hadi 300, kwa ajili yenu ninyi wa safari zisizokwisha. Hakuna aliyenijibu vibaya. Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa walikuja, wakakaa nje kwenye benchi langu, wakanisalimia kwa adabu zote, na hakuna aliyeingia. Nilimwita mmoja mmoja kando kumuuliza ni nani aliyewapanga. Nikampa hadi soda yule mdogo kuliko wote, akainywa, akashukuru, akasema hajui. Siku ya tisa nikarudisha 200. Mpaka leo sijamjua aliyewapanga. Lakini kama ni wewe, ile memori kadi uliyoondoka nayo bado ipo kwenye daftari langu la madeni.