Naomba ushauri: mkaguzi wa majengo Dar, mshahara haufiki tarehe 20

Wakuu, salaam. Ni mkaguzi wa majengo halmashauri moja hapa Dar, mwaka wa tatu sasa. Nikishakatwa kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) 5%, bima ya afya 3% na bodi ya mikopo 15%, mkononi inabaki laki tano na kidogo. Mbagala nalipa vyumba viwili 150,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nauli za bodaboda kwenda saiti mara nyingi natoa mfukoni.

Wiki iliyopita nilipanda ghorofa ya tatu ya jengo fulani. Nikakwangua nguzo kwa msumari, zege likamomonyoka kama biskuti. Ringi, vile vyuma vinavyozunguka nondo za nguzo, nikazipima kwa futi ya kupimia: zimeachana sentimita 35, mchoro unasema 20. Msimamizi akanifuata kwenye ngazi na bahasha. Sikuipokea, nikaandika amri ya kusimamisha ujenzi. Nilifika Kariakoo lile ghorofa lilipoanguka Novemba 2024, siwezi kusahau sauti za watu chini ya kifusi. Lakini usiku ule mke wangu aliniuliza ada ya mtoto itatoka wapi, nikakosa jibu.

Sasa mkandarasi mmoja Dodoma ananipa 1,100,000, mkataba wa mwaka mmoja. Naipenda hii kazi, na naogopa atakayekalia kiti changu ataipokea ile bahasha.

Waliowahi kutoka serikalini kwenda kwa makandarasi: niombe likizo bila malipo kwanza, au niache kabisa? Na michango yangu ya PSSSF inakuwaje?