Tupeane uzoefu: Mliowahi kufunga kisanduku cha kugawa laini moja ya simu kwa faksi, modemu na simu ya mezani

FundiWaya (Dar es Salaam)

Wakuu, salaam. Vijana wa ufundi wananiuliza kila mara kuhusu kile kisanduku wanachokikuta kwenye ofisi za zamani, kimening'inia nyuma ya meza, kina matundu manne na kitaa kimoja chekundu. Wengine wanaking'oa wakidhani ni modemu iliyokufa, kesho yake bosi anafoka faksi haziingii. Naomba tuliowahi kukifunga tuweke uzoefu hapa, maana vitabu vyake vilishapotea zamani.

Kwa asiyekijua: zamani kupata laini ya pili ilikuwa uandike barua, ulipe, halafu usubiri mpaka usahau kwamba uliomba. Mwenye simu, faksi na modemu (ile ya kuingia intaneti kwa kupiga namba ya simu) ilibidi avibanze vyote kwenye laini moja. Kisanduku kinakaa katikati. Simu ikiingia, kinaipokea chenyewe, kinamchezea mpigaji mlio wa kuita wa uongo asije akakata, huku kinasikiliza. Faksi inayopiga hutoa mlio wa Hezi 1100 kwa nusu sekunde, inanyamaza sekunde tatu, inatoa tena. Kisanduku kikiusikia, simu inaelekezwa tundu la faksi. Kisipousikia, kinaitisha simu ya mezani. Kwa hiyo mpigaji anaanza kulipa tangu kisanduku kinapopokea, hata kama ofisini hakuna mtu. Wateja wa mikoani walikuwa wakilalamikia jambo hilo, na walikuwa na haki.

Msimamo wangu ni mmoja: kisanduku kiwe kitu cha kwanza kutoka ukutani, na mengine yote yawe nyuma yake. Asilimia kubwa ya lawama zinazotupiwa kisanduku ni za simu iliyosahaulika. Kuna ofisi ya mawakili Upanga, faksi zao zilikuwa zikikatika katikati ya ukurasa, hasa asubuhi. Walishabadilisha mashine, wakabadilisha na kisanduku. Nikaufuata waya ukutani kwa mkono, unapita juu ya mlango, unaingia jikoni. Nyuma ya jokofu kuna simu ya kijivu imeungwa kabla ya kisanduku. Mama wa chai kila akichemsha maji alikuwa akiinyanyua kusikiliza kama kuna toni, apige nyumbani kidogo. Hapo faksi ya mahakamani inakuwa imefika aya ya tatu.

Njia ya kumkamata mtu wa aina hiyo bila kuzunguka vyumba vyote: weka mita yako kwenye waya ukutani. Laini iliyotulia inasoma kama volti 48. Simu yoyote ikinyanyuliwa popote, inashuka hadi chini ya 12 hivi. Vyako vyote vimekaa mahali pake na volti ziko chini? Kuna mkonga umenyanyuliwa mahali usipopaona.

Karibuni.

MamaStesheneri (Moshi)

Fundi, shikamoo kama ni mzee, marahaba kama ni kijana, sijui nianzie wapi.

Nilikuwa na stesheneri karibu na stendi. Laini moja, simu ya kulipia, faksi, na fotokopi isiyohusika. Kabla ya kisanduku kazi yangu ilikuwa kukimbia. Simu inaita, nanyanyua, nikisikia pii… pii… nabonyeza kitufe cha kuanza. Nikichelewa kwa sababu nampimia mtu karatasi, faksi imeondoka na mteja wake amekaa kwenye benchi ananitazama.

Kisanduku kilinipunguzia mbio, ila hakikuzimaliza, na hapa ndipo ninapotaka vijana wasome vizuri. Si kila faksi inayopiga inatoa huo mlio. Mtu akipiga kwa mkono, yaani ananyanyua mkonga wa mashine yake, anazungusha namba, anasubiri kusikia kitu ndipo abonyeze, mashine nyingi za zamani zilikuwa kimya kabisa muda wote huo. Basi kisanduku kinasema huyu ni binadamu, kinaitisha simu. Napokea, kimya. Upande wa pili naye anasubiri.

Dawa yake ni namba ya kuiamsha faksi kutoka kwenye simu. Yangu ilikuwa nyota, tano, moja; nyingine zina zake. Niliiandika kwa kalamu nene ukutani juu ya simu, hata mdogo wangu wa darasa la nne aliijua. Lakini simu iwe ya kubonyeza yenye milio. Ile ya kuzungusha kidole haiwezi, inatoa mapigo tu, na kisanduku hakielewi.

La pembeni kidogo: karatasi ya faksi ile ya kuteleza ya kwenye roli, ukiiweka juani maandishi yanafifia mpaka yanakwisha. Ilikuwa namshauri mteja alipie na kopi hapohapo. Walidhani natafuta hela. Wengine walirudi na karatasi nyeupe.

FundiWaya

Marahaba, dada. Hilo la faksi bubu ndilo linalofanya watu waape kwamba kisanduku ni kibovu.

Mwambao254 (Mombasa)

Nduguzanguni, nilikuwa karani kwa wakala wa forodha, Moi Avenue. Hapo usiku ndio mchana: meli inasogea, hati za shehena zinakuja kwa faksi kutoka Dubai na Karachi, na mtu wa huko hajali kwamba wewe umelala. Kisanduku tulikiheshimu kuliko meneja.

Nitasema mawili tu. Kwanza umeme. Simu ya mezani ya kawaida inakula umeme wa laini yenyewe, mtaa mzima ukizimika bado unaongea. Kisanduku kinakula umeme wa ukutani. Vile vya maana vina swichi ndani ambayo umeme ukikatika inajiachia, laini inapita moja kwa moja hadi simu ya mezani. Vya bei rahisi vinakufa na laini. Mpigaji wako anasikia inaita, kwako kimya kama kaburi. Ukienda kununua, au ukikikuta ofisini, usiulize muuzaji. Chomoa adapta yake, nyanyua simu. Kuna toni? Chukua. Hakuna? Mrudishie.

Na umeme ukirudi uangalie, kuna vinavyosahau mipangilio yote na kurudi kama vilivyotoka kiwandani.

Pili, idadi ya milio. Watu walikuwa wakiiacha faksi ipokee baada ya mlio wa tano, kama ilivyokuwa kabla ya kisanduku. Hesabu mwenyewe: kisanduku kimeshatumia milio miwili kupokea, kimetumia sekunde kadhaa kusikiliza, sasa kinaiitisha faksi, nayo inangoja milio mitano. Mashine inayotuma ina subira yake, kwa kawaida haifiki dakika. Inakata. Nyuma ya kisanduku faksi ipokee mlio wa kwanza. Mashine ya kurekodi ujumbe ndiyo uichelewesha.

Modemu yetu haikuwa na neno. Ikishashika laini, kisanduku kinawafungia wengine nje, hakuna wa kunyanyua simu na kukatiza barua pepe. Kabla ya hapo wallahi kulikuwa na ugomvi kila siku.

KizaziChaFaiba

Wazee wangu kwa heshima zote, faksi mwaka huu? Si mtume picha WhatsApp.

Mnyamwezi_Ohio (Columbus)

Mdogo wangu, njoo nikupeleke kliniki yoyote huku Marekani uone. Rekodi za wagonjwa, maagizo ya dawa, barua za bima, vyote bado vinapita kwenye faksi. Nilifanya kazi ya kutunza mitambo ya ofisi ndogo za madaktari na ndiyo iliyonilipia kodi ya nyumba.

FundiWaya, naomba nikupinge kidogo kwenye "kisanduku kiwe cha kwanza". Penye king'ora cha wizi kinachopiga simu kwa kampuni ya ulinzi, king'ora ndicho kinatangulia. Huku kinafungwa na soketi yake maalumu yenye pini nane: laini inatoka nje, inaingia kwenye mtambo wa king'ora, ndipo inarudi kwenda kwenye vitu vingine. Mwizi akiingia na kunyanyua simu, au faksi ikiwa katikati ya kazi, mtambo unakata wote walio nyuma yake na kuichukua laini. Ukikiweka kisanduku mbele, king'ora kinakuwa mmoja wa wanaopanga foleni. Kitangoja faksi imalize kurasa zake ishirini.

La pili ni kwa wenzangu wa Amerika ya Kaskazini. Kabla hujanunua kisanduku cha kusikiliza, uliza kampuni ya simu kama wanatoa namba mbili kwenye laini moja. Namba ya kwanza inaita kwa mlio mrefu mmoja, ya pili kwa mifupi miwili. Faksi nyingi zinatambua hilo zenyewe, unaiambia ipokee mifupi tu. Faksi bubu ya dada wa Moshi isingemsumbua, kwa kuwa hakuna wa kusikiliza mlio wowote. Kinachoamua ni namba iliyopigwa.

Na mwenye modemu ya kupiga asisahau ule mlio wa "kuna simu nyingine inakungoja". Ukiingia katikati unavuruga mawasiliano. Huku tulikuwa tukitanguliza nyota 70 kabla ya namba, unazimwa kwa simu hiyo moja.

BintiLeicester

Kwa wa Uingereza: simu ikikaa kimya nyuma ya kisanduku lakini ukiinyanyua inaongea vizuri, usirudishe kitu dukani. Simu nyingi za Kiingereza kengele yake inapitia waya wa tatu, na kapasita ya kuiwezesha, ya mikrofaradi 1.8, iko ndani ya soketi kuu ya ukutani. Kisanduku kilichotengenezwa kwa soko la Marekani kinatoa nyaya mbili tu. Kengele haina njia. Tafuta adapta yenye kapasita ndani yake, kwa sura inafanana na ile isiyo nayo, soma maandishi ya pakiti.

Lakini msiwekeze sana. Laini za shaba za mtindo wa zamani zinazimwa huku, mwisho wake umewekwa Januari 2027. Shangazi yangu ameshahamishiwa kwenye simu inayopita kwenye ruta, na kisanduku chake kimekuwa cha kuzuia karatasi zisipeperuke.

Otis_KE (Nairobi)

Nyongeza fupi kwa walio bado na ADSL, yaani intaneti inayopita pamoja na simu kwenye waya uleule wa shaba. Intaneti yake inasafiri juu ya kilohezi 25, sauti inaishia kama 3.4. Kisanduku hakijui hizo za juu na hakipitishi. Kwa hiyo gawa ukutani kwenye chujio, kile kidude kinachotenganisha intaneti na sauti: tundu moja modemu ya ADSL, tundu la pili ndilo linaenda kwa kisanduku. Nimeona mtu amechomeka ADSL kwenye tundu lililoandikwa modemu kwa sababu, si ni modemu? Lile tundu lilikuwa la modemu ya kupiga.

MjiMkongwe

Assalaam alaykum. Sisi hoteli yetu ilikuwa mbali, waya wa shaba haukufika, tukawekewa simu ya mezani isiyo na waya, ile ina antena na tundu la waya wa simu nyuma. Nikaunga kisanduku pale, simu na faksi nyuma yake. Sauti safi kabisa. Faksi ikapokea salamu, ikaanza, ikafa. Ikaanza tena, ikafa. Kisanduku kilikuwa kinafanya kazi yake barabara, kilikuwa kinaitambua kila faksi na kuipeleka panapohusika.

Mtandao wa namna ile unaibana sauti kwa hesabu zilizotengenezwa kwa ajili ya koo la binadamu. Milio ya faksi ikipita humo inatoka upande wa pili haieleweki. Hakuna kisanduku kitakachotibu hilo. Tulihamishia faksi kwa jirani mwenye waya, tukawa tunamlipa kwa mwezi, na kijana wa mapokezi akawa anavuka barabara kufuata karatasi za wageni.

FundiWaya

Sheikh, ahsante, hilo litawaokoa wengi, maana ile simu ina tundu lilelile na mtu anaamini ni laini ileile.

Kaka wa Ohio, kwa king'ora sina ubishi, na nakubali: king'ora, kisha kisanduku. Swali langu ni la kifundi. Nimeingia ofisi iliyofungwa na mtu mwingine, nyaya zimepita darini, sioni nani yuko mbele ya nani. Nitajuaje bila kubomoa?

Mnyamwezi_Ohio

Rahisi. Wapigie kwanza kampuni ya ulinzi, waambie unajaribu, wasije wakakutumia gari. Halafu mpigie mtu kwa simu iliyo nyuma ya kisanduku, endeleeni kupiga soga. Mwenzako akiwashe king'ora. Soga ikikatika ghafla na kampuni ikapata taarifa, king'ora kiko mbele. Ukiwa bado unamsikia rafiki yako huku king'ora kinalia juu ya kichwa chako, chukua ngazi upande darini.