Ushauri wasee: timu ya fensing ya chuo, nafasi nne tu za Nairobi, tuende na epe peke yake?

MwanaDala:
Niaje wasee. Mimi ni kepteni wa timu ya fensing ya chuo kimoja huku Kisumu, jina la chuo wacha likae. Kwa wale hawajui, ni ule mchezo wa vitara, mnavaa nyeupe na maski ya wavu, mnadungana na taa inawaka. Silaha ni za aina tatu, epe, foili na seiba. Tuko tisa, wavulana watano na wasichana wanne, mazoezi tunafanyia mesi jioni meza zikishasukumwa kando. Pisti, ile njia ya kuchezea, inafaa kuwa mita 14 lakini ya kwetu inaishia kwa dirisha la kupakulia, ukirudi nyuma sana mama wa jikoni anakurudisha na mwiko.

Sasa shida. Msimu wetu ni mfupi, mechi ya kirafiki na chuo jirani halafu mashindano ya wazi Nairobi kabla ya mitihani, basi. Ofisi ya michezo imesema italipa nauli na malazi ya watu wanne, eti timu ni watatu na wa akiba mmoja, kwa hivyo tuchague silaha moja na turudi na kikombe. Vifaa vyetu ni vya msaada, vimetumika huko vilikotoka. Epe tuko nazo sita na nyaya zinafanya. Foili tuko na jaketi tatu za lame, kile kitambaa cha nyuzi za chuma, na moja imekufa, haishiki umeme. Seiba tuko na seti mbili tu.

Hesabu inasema epe. Lakini wale vijana wawili wa seiba ndio walianzisha hii timu, na wamesema wakiachwa wanarudisha funguo za stoo na wanaenda zao. Mimi mwenyewe ni wa foili, kwa hivyo nikisema epe hakuna mtu atasema najipendelea, lakini pia naachwa nyumbani na huu ni mwaka wangu wa mwisho. Halafu mchezaji wetu mkali kuliko wote ni msichana wa mwaka wa kwanza, wa epe, anashika kwa kushoto, hakuna mtu hapa anamuweza. Mngefanya aje?

Mzee_wa_Kondele:
Kwanza mnapanda nayo matatu aje hiyo mipanga na askari wa stegi wanaangalia tu?

MwanaDala:
Haina makali mzee wangu, ncha ni kidude kama swichi. Lakini ukweli tulisimamishwa mara moja mpaka deani akapigiwa simu. Siku hizi tunatembea na barua.

FundiWaya_Kakamega:
Nilikuwa natengeneza nyaya za timu nikiwa chuo, wacha niongelee hiyo lame yako kabla muizike. Chukua mita ya umeme weka kwa omu, gusa sehemu mbili za jaketi, isizidi omu 5. Utapata imekufa sehemu moja tu, mara nyingi chini ya kwapa ama pale kifua kinapokunjika, kwa sababu jasho linakula zile nyuzi za chuma, na watu wanaikunja wanatupa kwa begi ikiwa na maji. Kata kiraka kwa lame nzee kabisa shonea hapo, pima tena. Halafu mkimaliza mazoezi itundikwe, isikunjwe. Nimeona jaketi moja ikiharibiwa na semista moja ya uvivu.

Kwa upande wa vifaa epe inashinda, hiyo haina ubishi. Epe shabaha ni mwili mzima mpaka kidole cha mguu, kwa hivyo haihitaji jaketi ya umeme. Foili ni kiwiliwili, seiba ni kiuno kwenda juu, na seiba hata maski lazima ishike umeme na glavu iwe na kikofi chake. Kila kitu hapo ni pesa na kila kitu kinakufa. Epe ukiwa na silaha, waya na boksi ya taa, umemaliza. Pima tu ncha kabla ya kusafiri, springi lazima ibebe uzito wa gramu 750, ukiweka huo uzito na taa iwake wenyewe watakukatalia silaha pale pale mezani, na hapo hakuna kulia.

Njoro_Kijana:
Mimi napinga. Mkipeleka epe peke yake mwaka huu, mwaka ujao hamna timu, mna klabu ya epe ya watu wanne. Seiba ndio inaleta watu, mtu akipita mesi akaona wanarukiana na kupiga mayowe ndio anauliza anajiungaje, epe watu wawili wanaangaliana dakika mbili mpaka mtu analala. Na msiambiwe seiba ni ya wazungu, huko Paris 2024 Fares Ferjani wa Tunisia alichukua fedha kwa seiba.

NyarNyakach:
@Njoro_Kijana na hapo hapo Paris Mohamed Elsayed wa Misri akachukua shaba kwa epe, kwa hivyo hiyo haisaidii mtu kuchagua. Na kama ni mfano, wa kwetu ni Alexandra Ndolo, baba yake Mkenya, alichukua fedha ya dunia Cairo 2022 akichezea Ujerumani, akahamia Kenya, na huko Paris akawa mwanafensing wa kwanza wa Kenya kwa Olimpiki. Silaha yake? Epe. Huyo msichana wenu wa kushoto anajua hiyo hadithi? Mwambieni.

Sasa MwanaDala dadangu ama kakangu, sijui, nilikuwa kepteni miaka ya nyuma kwa chuo kingine na nikuambie mambo ya funguo za stoo nayajua sana. Mtu akikutisha na funguo, chukua funguo. Kwa upole, mbele ya wengine, umshukuru kwa kuanzisha timu, lakini uchukue. Halafu usiamue wewe nani anaenda. Pangeni pulu ya ndani, wote tisa, kila mtu na kila mtu, pointi 5 ama dakika 3, matokeo yabandikwe ukutani. Na hao wa seiba waingie na epe. Watalia. Mtu wa seiba akishika epe anakimbilia mbele na mkono uko wazi, anadungwa kifundo cha mkono kila mara, lakini baada ya wiki kadhaa wengine huwa wanashika, kwa sababu miguu wanayo tayari. Nimeona mmoja akiwa mkali kuliko wenye epe.

Kochi_Mstaafu:
Vijana mnajadili silaha na kuna kitu kikubwa mmeruka. Kepteni amesema wavulana watano na wasichana wanne. Fensing timu ya wanaume ni ya wanaume na ya wanawake ni ya wanawake. Mkituma watu wanne mchanganyiko, hamna timu ya upande wowote, hesabu ya ofisi imekufa hapo. Mechi ya timu ni watatu kwa watatu, mizunguko tisa, mpaka pointi 45, na huwezi kuokota kaka mmoja ukamweka hapo. Na kwa mashindano mengi ya wazi madogo kinachochezwa ni mtu binafsi tu. Kwa hivyo kepteni, kabla ya kugombana na mtu yeyote omba ratiba. Kama ni ya binafsi, hakuna mahali mmelazimishwa silaha moja, kila mtu anaenda na yake.

Ila nitasema hivi kuhusu epe na nyinyi ambao hamna kochi wa kila siku. Foili na seiba zina haki ya shambulizi, taa mbili zikiwaka refa ndiye anaamua nani alianza, na kama kwa mazoezi hamna mtu anaweza kusoma hiyo, mtakuwa mnabishana jioni nzima na kujifunza vibaya. Epe taa ikiwaka imewaka, mkidungana pamoja kila mtu anapata yake. Timu isiyo na refa inakua haraka na epe. Hiyo ni sababu nzito kuliko hata bei ya lame.

Na vifaa vya msaada, tafadhali, kagueni maski. 1982 huko Rome Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki, alikufa baada ya blede ya mpinzani kuvunjika ikapita kwa maski, ndio maana leo kuna sheria kali za maski, jaketi na chuma cha blede. Kuna kifaa cha kupimia wavu, kinasukuma kwa kilo 12, Nairobi mtapimiwa. Maski iliyobonyea ama yenye kutu msisubiri kupimiwa, toeni. Na kila mtu avae plastroni, ile kinga ya kifua na kwapa, ndani ya jaketi, hata mazoezi ya mesi, hata kukiwa na joto la Kisumu.

Mzee_wa_Kondele:
Aisee nilikuja kucheka sasa nimekaa nasoma kila kitu. Huo mchezo unaonyeshwa wapi hapa tauni?

MwanaDala:
@Mzee_wa_Kondele karibu mesi jioni yoyote, ukae mbali na ukuta.

@Kochi_Mstaafu asante sana. Nimeenda ofisini leo nikaomba ratiba, wakanitolea kwa droo walikuwa nayo. Ni binafsi tu. Epe na foili za wanaume na wanawake, seiba ni ya wanaume peke yake. Nikamuonyesha bwana wa michezo, akanyamaza kidogo, akasema basi nne zibaki nne lakini silaha ni shauri yetu.

@NyarNyakach mimi ni dada 😂 Pulu tumekubaliana Jumamosi. Nafasi mbili zinatoka kwa epe, moja foili, moja seiba, na kila silaha inacheza yake. Wale wa seiba wanatoana wenyewe, na vile nimewaambia hivyo hasira imeisha, shida yao naona ilikuwa kuachwa bila kuguswa, si Nairobi. Funguo nimechukua. Ya foili napigania na kijana wa mwaka wa pili, na ananishinda siku hizi, tutaona.

Njoro_Kijana:
Hapo sawa. Mimi nilikuwa naogopa mtaua seiba.

NyarNyakach:
Yule wa kushoto hata yeye acheze pulu, asipewe bure. Wengine wakiona amepewa utaanza kusikia maneno ukiwa kwa basi.

FundiWaya_Kakamega:
Kama pulu ni Jumamosi nitakuja na mita na gramu za kupimia, kazi yangu huwa inaisha saa sita. Weka hiyo lame kando, msiioshe kwanza. Na epe zote sita zikae na nyaya zake, kila moja na yake, msichanganye. Nikitoka Kakamega nishukie wapi?

MwanaDala:
Shukia Kondele unipigie, namba nimekutumia inboksi. Chakula cha mchana kiko, mama wa jikoni ameshaambiwa kuna fundi.