Probesheni ilihamishwa Texas kwenda Ohio, sasa kaandikiwa ripoti: asaini arudi au adai kusikilizwa huku?

mama_wawili
Jamani mwenye kuijua hii kitu anisaidie. Mdogo wangu alihukumiwa Texas akapewa probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya ofisa, halafu usimamizi ukahamishiwa Ohio maana ndugu zake wote tuko Columbus. Sasa ofisa wa huku kamwandikia ripoti eti kakosa miadi na ada hajalipa, wakati kazini walimpunguzia masaa na ofisa alikuwa anaambiwa. Kapewa karatasi asaini kwamba anakiri na hahitaji kusikilizwa, arudishwe Texas kwa jaji. Mimi naona asaini yaishe, mume wangu anasema asiguse kalamu.

Juma_Dallas
Shikamoo dada. Shemeji yuko sahihi kabisa. Akisaini ameshakiri kosa, na jaji wa Texas atakuta hiyo karatasi mezani. Asiposaini, kabla hawajamrudisha ili afutiwe probesheni lazima wamsikilize hukohuko Ohio waone kama tuhuma zina msingi: anapewa tuhuma kwa maandishi, anaonyeshwa ushahidi, anajitetea, analeta mashahidi. Na mashahidi wenu wako Columbus, bosi wake wa kazi hawezi kupanda ndege kwenda Texas kumsemea.

tausi254
Ni kweli ila msimpe matumaini ya bure. Kile kikao hakiamui adhabu, adhabu ni ya Texas, Ohio wanasimamia tu. Halafu akishakamatwa kwa waranti (hati ya kukamatwa) ya Texas hakuna dhamana, anakaa ndani, na kama hana kesi nyingine Texas wana siku 30 za kuja kumchukua. Kwa hiyo mtu ambaye kosa lake liko wazi, kusaini kunaweza kumpunguzia kusota jela ya huku. Sisemi asaini, nasema aamue akiwa na loya. Kupinga kurudishwa ndio msihangaike, hiyo haki aliiachia siku alipoomba uhamisho.

Mzee_Bukavu
Mwanangu, huyo kijana ana makaratasi gani? Kama ni green card basi asikubali kitu chochote kabla ya kuona loya wa uhamiaji. Kwa kesi ya wizi au ya kupiga mtu, jaji akifuta probesheni akampa mwaka mmoja, kwa uhamiaji hilo ni kosa zito la kumfukuzisha nchini, hata kama kile kifungo kimesitishwa. Vijana wetu wengi wanahesabu siku za jela tu, hili hakuna anayewaambia.

Juma_Dallas
Mzee umenena. Na kuna njia ya tatu ambayo mimi ndio ningeanza nayo: loya wa Texas aongee na mahakama kabla waranti haijatoka, aombe abaki Ohio kwa masharti mapya. Kuhusu ada, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema 1983, kesi ya Bearden na Georgia, jaji hawezi kumfunga mtu kwa kutolipa bila kuuliza kama alikataa au alishindwa. Tafuteni pay stub, zile karatasi za malipo ya mshahara, zinazoonyesha masaa yalivyopungua.

mama_wawili
Asanteni sana. Mzee, mdogo wangu ana green card na kesi yenyewe ni ya wizi, nimetetemeka. Waranti bado. Nimeshamwambia asisaini, sasa hivi natafuta loya wa Texas na wa uhamiaji.

tausi254
Na miadi ya wiki hii aende hata kama anaogopa, akipotea hapo wataandika katoroka na hakuna loya atakayeweza kuwaambia wamwache Ohio. Meseji alizomtumia ofisa mzipige picha leo, tarehe zionekane.