Mbwa wangu nimpe nini badala ya mifupa ya kuku?

Wakuu habari, niko Mikindani, nina mbwa wa miezi 5 anakula ugali na mifupa ya kuku, sasa juzi mfupa ukamkwama kooni nikaogopa sana. Nimpe nini? Korosho je, maana huku zimejaa?

— Pole mkuu. Mfupa uliopikwa acha kabisa, unavunjika vipande vyenye ncha vinatoboa utumbo. Mchemshie dagaa wasio na chumvi uchanganye na ugali na boga kidogo, ila kitunguu na kitunguu saumu usiweke hata kidogo, vinaharibu damu yake.

— Korosho iliyobanguliwa ikakaangwa bila chumvi moja mbili sio mbaya, zikizidi mafuta mengi. Yenye ganda hapana jamani, mafuta yake yanaunguza! Mie huku Lindi wangu nampa papai nimetoa mbegu, anafurahi huyo.