Mtoto yuko chuo cha kijeshi Marekani: tumweke kama mtegemezi kwenye kodi, au tumwache ajitegemee?

Baba Kadeti, Ohio
Ndugu zangu, poleni na msimu wa kodi. Kijana wetu aliingia West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu, mwishoni mwa Juni 2025, na sasa W-2 yake, ile karatasi ya mshahara wa mwaka na kodi iliyokatwa, imefika. Mke wangu anasema bado hajafika miaka 24, anasoma muda wote, tumweke kama miaka yote. Mimi naona serikali inamlisha, inamvisha, inamlaza na mshahara inampa. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mdogo wake naye anaitazama ROTC, yale mafunzo ya uofisa ndani ya chuo kikuu cha kawaida. Hesabu ni ile ile?

Mama Minneapolis
Hongera sana, baba, hiyo ni heshima kwetu sote. Binti yetu yuko Annapolis, chuo cha jeshi la majini, mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza tulimweka, iliyofuata tukamwacha. Mwaka ule alikuwa mezani kwetu Januari hadi Juni, sisi tunalipa kila kitu, na mshahara wa mwanzo ulikatwa sare na kompyuta hata hakuuona. Siku hizi anakuja likizo tu.

Mhasibu wa Dallas
Umri hauna tatizo. Kuishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka hakuna tatizo pia, kwa sababu anayeondoka kwa masomo au jeshi kwa muda anahesabiwa yupo nyumbani. Kinachobishaniwa ni kama mtoto amejilipia zaidi ya nusu ya matumizi yake ya mwaka.

Ufadhili wa masomo hauingii kwenye mizani hiyo. Lakini chapisho namba 970 la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, linasema wazi kwamba nafasi ya West Point, Annapolis na vyuo vya aina hiyo si ufadhili, na fedha anayopokea kadeti ni ujira wa kazi. Basi chakula na bweni tuviweke upande gani? Wako wanaosema ni sehemu ya malipo yake kwa utumishi, kwa hiyo ni vyake. Wengine wanasema vimetoka serikalini, si mfukoni mwa mtoto. Hawa wa pili wana hoja, maana tangu 2005 mzazi halazimiki kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyetoa zaidi ya nusu. Kinachotazamwa ni alichotoa mtoto. Hata hivyo, kuanzia mwaka wa pili mimi huwashauri wazazi wamwache. Ukiitwa kwenye ukaguzi, kumtetea kadeti anayelipwa miezi 12 ni kazi ngumu.

Kwako wewe mwaka huu ni tofauti. Chukua jedwali la matumizi kwenye chapisho namba 501, ulijaze kwa kalamu. Pesa aliyokatwa kwa sare iandike upande wake. Iliyolala benki usiiandike popote, kwa sababu akiba ambayo haijatumika si matumizi.

Dada wa Seattle
Na faida yenyewe ni kiasi gani? Nasikia watu wanagombana na watoto wao kwa jambo hili.

Mhasibu wa Dallas
Kwa wazazi wawili wanaofaili pamoja ni dola 500, basi. Ile nafuu kubwa ya watoto inaisha mtoto akifika miaka 17, na ile ya elimu ya hadi dola 2,500 huipati kwa sababu vyuo hivi havitozi ada. Mtoto naye hapotezi kitu. Mwaka 2025 kadeti alilipwa dola 1,399.44 kwa mwezi, na kiasi kisichotozwa kodi kwa asiye na ndoa kilikuwa 15,750. Akiwa mtegemezi, kiasi chake kisichotozwa kodi ni mshahara wake na 450 juu, mpaka kufika hiyo hiyo 15,750. Kwa hiyo hakuna sababu ya kugombana.

Mama Mmoja, Atlanta
Samahani kaka, hiyo "dola 500, basi" si kwa kila mtu. Mimi nalea peke yangu. Mwanangu akihesabika wangu, nafaili kama mkuu wa kaya na kiasi changu kisichotozwa kodi kwa mwaka 2025 ni 23,625. Akitoka, nashuka hadi 15,750. Tunaolipa nyumba kwa mshahara mmoja tunalisikia pengo hilo. Tafadhali mtu asituambie tumwache tu ili kukwepa maswali, kabla hatujajaza hilo jedwali.

Mhasibu wa Dallas
Kweli kabisa, dada. Kwako linastahili kila risiti uliyonayo.

Mzee wa Houston
Kuhusu ROTC: hesabu ni nyingine kabisa. Wangu yuko chuo kikuu cha jimbo kwa ufadhili wa jeshi la nchi kavu. Ule ni ufadhili kweli, hauhesabiwi kwenye mizani, na posho yake ya kila mwezi haitozwi kodi. Kambi ya mafunzo ya kiangazi ndiyo inayolipiwa kodi. Namweka kila mwaka bila wasiwasi. Na sehemu ya ada ninayolipa mwenyewe inaniletea ile nafuu ya elimu.

Mwana Tanga, Boston
Mimi mpwa wangu yuko Monduli, chuo cha kijeshi cha nyumbani. Namtumia pesa kila mwezi. Naweza kumweka?

Mhasibu wa Dallas
Hapana, ndugu yangu. Lazima awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Mexico.

Baba Kadeti, Ohio
Asanteni sana. Tumelijaza jedwali na mama yake: nusu ya kwanza ya mwaka yote ni yetu, na hata tukimhesabia yeye chakula na bweni la West Point hafiki nusu ya jumla. Tunamweka mwaka huu. Kijana hajatuma fomu yake ya kodi bado.

Mhasibu wa Dallas
Mpigie leo basi. Aweke alama kwamba kuna mtu anayeweza kumdai kama mtegemezi, la sivyo yenu mkiituma kwa mtandao inaweza kurudishwa. Na atazame kisanduku cha 15 kwenye W-2, kile cha jimbo, kiwe kimeandikwa Ohio. Kupelekwa West Point hakumfanyi mkazi wa New York.