Ukifunga injini kubwa kwenye gari la zamani, lipimwe upya kabla ya kurudi barabarani? Tujadili

Mkazi wa Nkuhungu (mleta mada)

Mbukwenyi wakuu.

Kuna ugomvi umekaa muda mrefu kwenye gereji za hapa Dodoma, Kizota na Chang'ombe hasa, nimeona niulete huku tubishane kwa hoja. Mtu ana gari la zamani. Injini imechoka au haimtoshi. Anaitoa, anafunga kubwa zaidi pamoja na giaboksi yake, anachomelea maunti mpya, anawasha, anaondoka. Je, gari hilo lilazimishwe kupimwa breki, difu (gia za ekseli ya nyuma) na usukani kabla halijarudi barabarani, au inatosha kwenda TRA kubadili namba ya injini kwenye kadi?

Mimi nasema lipimwe. Na msinione adui wa injini kubwa, nazipenda kuliko wengi wenu.

Tuanze na Mark II GX100, maana zimejaa mjini. Ilitoka Japani na 1G-FE, lita 2, nguvu ya farasi kama 140. Vijana wanaitoa, wanaweka 1JZ-GTE ya turbo, lita 2.5, ambayo Toyota waliitangaza kwa farasi 280. Bodi ni ileile, injini inaingia bila vita, ndiyo maana kazi hii inapendwa. Sasa jiulizeni: Toyota wenyewe walipoiweka injini hiyo kwenye bodi hiyo kiwandani, ile Tourer V, waliishia kwenye injini? Waliweka breki kubwa zaidi na difu ngumu zaidi. Fundi wetu anafunga injini, anakuachia breki zilezile za farasi 140, halafu mwenye gari anakwenda kuijaribu usiku barabara ya mzunguko, huko Nala. Mwendo ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 120, kazi ya breki kulisimamisha gari haiongezeki nusu tu kama mwendo ulivyoongezeka. Inakuwa zaidi ya mara mbili.

Najua mtanitajia Wamarekani, kwamba magari yao ya misuli yalizaliwa hivihivi. Kweli kabisa. Mwaka 1964 Pontiac walichukua gari lao la kawaida la familia, Tempest, wakalifunga V8 (injini ya silinda nane) ya lita 6.4 iliyokuwa ya magari yao makubwa, wakaliita GTO. General Motors, wenye Pontiac, walikuwa na kikomo cha ukubwa wa injini kwa magari ya umbo lile. Pontiac wakakikwepa kwa kuiuza GTO kama nyongeza ya hiari juu ya Tempest, si kama gari jipya. Ujanja wa kibiashara, nawapigia saluti. Lakini tuimalize habari yenyewe: GTO ile ilikuja na breki za dramu magurudumu yote manne, ikalaumiwa sana kwa hilo, na diski za mbele zikaja kama chaguo mwaka 1967. Kufikia mwaka 1970 kampuni za bima huko zilikuwa zinawatoza vijana wenye magari hayo fedha nyingi mno, hata kabla ya mafuta kupanda mwaka 1973.

Leo hukohuko Marekani, mtu makini anayefunga LS, V8 ya kisasa ya Chevrolet, kwenye Camaro ya 1969 anapata bloku ya alumini ambayo ni nyepesi kuliko ile V8 kubwa ya chuma aliyoitoa. Na pamoja na wepesi huo bado anabadili giaboksi, anaweka ekseli ngumu nyuma na diski mbele. Sisi tumeiga ngurumo, hayo mengine tumeyaruka.

Kisha kuna kadi. Inasema cc 1988, chini ya boneti kuna 2491. Wapo wanaosema huo ni ukwepaji wa kodi kwa sababu ushuru wa gari hupanda kwa cc. Hilo mimi silibebi, injini nayo ilipita bandarini ikalipiwa. Tatizo langu ni kwamba kadi inamuuliza mtu namba ya injini na haimuulizi kama gari linasimama. Uingereza kwa miaka mingi walitumia pointi kuamua kama gari lililobadilishwa vifaa bado ni lilelile: chesisi pointi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2. Injini? Pointi 1. Kwetu ndiyo kila kitu.

Karibuni.

Fundi wa Kizota

Mkuu, umeongea vizuri ila umeongea kama mtu wa Mark II. Njoo kwenye Land Rover tuheshimiane.

Land Rover 109 ya petroli ina injini ya lita 2.25, farasi 70 hivi siku ilipokuwa mpya. Hapa Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa sababu ya wembamba wa hewa. Piga hesabu mwenyewe kimebaki nini, na injini yenyewe ina umri wa babu. Mteja analeta 1HZ ya Land Cruiser, dizeli, silinda sita, lita 4.2. Huyo hatafuti mwendo. Anataka apande na magunia ya alizeti kutoka vijijini Mpwapwa bila abiria kushuka kusukuma, na ikiharibika Manyoni apate spea Manyoni. Ya kwake ya asili akitafuta kabureta anaweza kulala njia siku tatu.

Na msifikiri ni kuchomelea tu. Silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zinakaa mahali palipokuwa na nne, kwa hiyo rejeta lazima isogee mbele. Pembe ya propela ikikosewa, krosi hazimalizi mwezi. Ekseli za nyuma za zile za zamani zilikuwa zinakata shafti hata kwa injini yake yenyewe, ukiweka 1HZ bila kutafuta ekseli ngumu ya Salisbury umenunua ugomvi. Na kuna jambo wengi hawalijui: dizeli haina mvuto wa hewa kwenye manifodi kama petroli, kwa hiyo busta ya breki (inayousaidia mguu kwa mvuto huo) haifanyi kazi bila pampu ya vakyumu. 1HZ inayo nyuma ya altaneta. Kuna magari nimeyaona yanatembea mji huu, pampu ipo, mpira wake haujaunganishwa popote, dereva anakanyaga breki kwa miguu miwili na kusema "Land Rover ndivyo zilivyo".

Yote hayo nayajua na nayafanya. Sasa nani atakuja kunipima mimi? Mtu mwenye kitabu cha risiti? Stika ya kwenye kioo haijawahi kukaza breki ya mtu. Ukiongeza cheti umeongeza meza ya kuombwa chai, na gharama yake itakwenda kwa mkulima mwenye 109. Na magari yenye injini ya kiwandani yanayoshuka mteremko wa Nyang'oro, njia ya Iringa, breki zinanuka, hayo yanasubiri mjadala wa nani?

Mkazi wa Nkuhungu

Fundi, huo mpira usiounganishwa ndio kesi yangu nzima, umenisaidia bila kunilipisha. Wewe unajua. Aliyelifunga gari lile hakujua, na abiria anayepanda pale stendi hana namna ya kuwatofautisha.

Hilo la Nyang'oro nakubali, lakini ni mada yake. Huwezi kuniambia nisizibe hapa kwa sababu na kule kunavuja.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, mnabishana kuhusu kupima kitu ambacho hakikupaswa kufanyika.

Land Rover yenye sauti ya Land Cruiser ni gari gani? Nimeendesha 109 barabara ya Kolo ikiwa vumbi tupu, kabla ya lami. Ilikuwa polepole, ndiyo. Dereva naye alikuwa polepole, na tulifika. Mnasema spea hakuna: hakuna kwa sababu kila injini inayotoka kwenye gari mnamuuzia mnunuzi wa chuma chakavu kwa kilo. Hao Wamarekani mnaowataja, gari lenye injini yake ileile iliyotoka nayo kiwandani, namba zinalingana na chesisi, bei yake iko juu sana kuliko lililobadilishwa. Ndiyo maana wenye akili wakibadili, ile ya asili wanaihifadhi. Nionyesheni gereji moja hapa Dodoma yenye injini ya 109 iliyowekwa juu ya mbao, imepakwa oili, inamsubiri mwenyewe.

Fundi wa Kizota

Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote: mkoa huu kuchanganya vyuma hakukuanza na sisi. Waingereza walipoleta mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, matrekta hayakutosha, wakageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Vifaru, mzee! (Najua utasema mradi ulikufa 1951. Haukuuawa na vifaru peke yake.)

Ila hilo la kuhifadhi injini ya asili umenigusa. Nafasi ndiyo sina.

Dada wa Bima, Makole

Naomba niingie kwa upande ninaoujua, maana wote mnaongelea breki na hakuna aliyeongelea siku ya ajali.

Bima ni mkataba wa kuambiana ukweli. Ulipokata bima kubwa uliandika GX100, cc 1988, kwa kadi uliyoonyesha. Ukagonga ukiwa na injini ya turbo yenye nguvu mara mbili, kampuni ina haki ya kuuliza kwa nini hukusema, na inaweza kuyakataa madai yako. Si roho mbaya, ni kwamba walikubali kubeba gari moja, wewe ukawaletea jingine. Wengi mnaniambia "mimi nina bima ndogo, hainihusu". Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu, gari lako halimo kabisa, na bado swali la kama gari lilikuwa salama kuwa barabarani litaulizwa polisi na mahakamani.

Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye sheria mpya: ukibadili injini, rekebisha kadi, kisha peleka barua kwa aliyekukatia bima, ieleze injini, giaboksi na breki ulizoweka. Wachache sana wanafanya. Wakati mwingine wataongeza ada, wakati mwingine watataka kuliona gari. Huo nao ni upimaji, kaka, na haujasubiri bunge.

Kijana wa Area D

Mleta mada naona umenilenga mimi kabisa, bado jina tu.

GX100 yangu ina 1JZ, ni kweli. Pia ina breki za Tourer V mbele na nyuma, difu ya Tourer V, na kontroli boksi (kompyuta ya injini) iliyokuja na injini yenyewe, waya haujakatwakatwa. Vyote vilitoka kwenye gari moja lililokatwa. Iligharimu zaidi ya injini, ukitaka kujua. Sasa nilipe tena ada ya kupimwa ili niwe sawa na jamaa aliyebandika eksozi kubwa tu akaacha breki za zamani? Halafu mji huu neno V8, zile Land Cruiser za wakubwa, likitajwa kila mtu anasogea pembeni kumpisha mheshimiwa, hakuna anayeuliza anakwenda kilomita ngapi. Mark II ikipita inanguruma kidogo, wote mnageuka maaskari.

Mkazi wa Nkuhungu

Kijana, nimecheka. Lakini wewe ndiye utakayepita bila shida, na baada ya hapo una karatasi ya kumwonyesha dada wa bima hapo juu. Anayepaswa kuogopa ni huyo jamaa wa eksozi.

Nimesoma yote, nakubali kurekebisha pendekezo langu. Kwanza, ukaguzi usifanyike barabarani wala usifanywe na anayekusanya fedha. Ufanyike mahali penye shimo la kukagulia na mtu anayejua chuma: VETA wapo hapa, TEMESA wapo hapa. Pili, usimguse anayerudisha injini ya aina ileile. Tatu, kama kiwanda kiliwahi kuifunga injini hiyo kwenye bodi hiyo, kipimo kiwe breki na difu za kiwanda, kama alivyofanya Kijana. Ukiwa navyo umepita, hakuna maneno.

Fundi wa Kizota

TEMESA wanatengeneza magari ya serikali. 109 yangu itasimama nyuma ya foleni ya V8 mpaka alizeti ioze. VETA sawa, angalau pale nusu ya vijana nimewafundisha mimi kazi gereji.

Lakini umeruka jambo. Mark II ina Tourer V ya kuigia. 109 yenye 1HZ hakuna kiwanda kilichowahi kuitoa. Kipimo changu ni kipi?

Mkazi wa Nkuhungu

Chako ni cha barabarani, fundi. Gari lipakiwe mzigo wake kamili, lipelekwe kwenye mteremko, lishushwe na kusimamishwa, kisha lirudiwe mara kadhaa bila kupumzika, maana dramu zikipata moto ndipo zinaposema ukweli. Busta ifanye kazi, usukani usivute upande, shafti za nyuma ziwe za ekseli ngumu. Kama linasimama likiwa limechemka, peleka alizeti zako.

Fundi wa Kizota

Hicho nakikubali, nakifanya hata sasa kabla sijamkabidhi mteja gari. Ada isizidi bei ya lita ishirini za dizeli, na mpimaji apande garini pamoja na mimi wakati wa kushuka. Akikataa kupanda, karatasi yake siichukui.

Mzee wa Kondoa

Na injini ya zamani?

Fundi wa Kizota

Nitafutie banda, mzee. Mbao na oili ninazo.